Historia ya Uislamu wa Pwani: yanayosemwa na yaliyopo

Ukifika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, msikiti wenyewe hautakushitua. Kwa nje ni jengo la kawaida lililoezekwa bati. Mpaka uvue viatu, uingie, usogee kwenye mihrabu, ndipo utayaona maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe: mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kuta nyingi zimejengwa upya baadaye, lakini maandishi yakaachwa, na watu bado wanasali mbele yake. Ushahidi wa aina hii ndio tutakaoupimia dhana zinazosemwa kuhusu historia hii, moja baada ya nyingine.

Dhana: Historia yetu ilikuwa ya mdomo tu, Wazungu ndio walioiandika.

Hii ndiyo inayonikera zaidi. João de Barros, mwanahistoria Mreno, alipochapisha habari za wafalme wa Kilwa mwaka 1552, alizitoa katika tarehe, yaani kitabu cha historia, iliyoandikwa na watu wa Kilwa wenyewe. Yaani Mreno ndiye aliyenakili kwetu. Tarehe hiyo ipo pia kwa Kiarabu, na nakala yake iliyoandikwa Zanzibar karne ya 19 sasa iko London. Matoleo hayo mawili hayakubaliani kila mahali kuhusu nani alitawala lini, na ni vyema hivyo, maana ukiwa na mashahidi wawili unaweza kuwahoji. Tenzi nazo ziliandikwa kwa Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728.

Dhana: Misikiti ya kale waliijenga wageni, wenyeji wakaikuta tayari.

Pale Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa ijumaa wa mawe katika miaka ya 1980. Chini yake akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka kufikia vijumba vya miti vya karne ya 8. Hapo hapo, vizazi kwa vizazi, kila waliokuja wakijenga kikubwa kuliko cha waliotangulia. Mji uliokua hivyo si mzigo ulioshushwa jahazini.

Dhana: Basi habari za Washirazi, wanaosemwa kutoka Shirazi ya Uajemi, ni uongo mtupu.

Hapa tunaopotosha ni sisi wenyewe, kwa hasira ya kujibu wakoloni. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Kwa wengi wao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na upande wa baba ukarudi sana Uajemi, huku kuchanganyika kukianza kiasi cha mwaka 1000. Tusisahau tu kwamba wengi wa waliochunguzwa walizikwa makaburi ya wenye nafasi. Mvuvi wa kawaida huenda angetoa jibu lingine. Lakini wazee waliposema "babu zetu walitoka Shirazi" hawakuwa wakiota, japo bibi zao waliachwa nje ya simulizi.

Dhana: Kuhifadhi maandishi ya kale ni kuyafungia kabatini.

Kabatini kuna mchwa na unyevu wa bahari. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, imepigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza. Vitabu vya wakfu vya aina hii huandikwa onyo mwanzoni: hakiuzwi, hakiwekwi rehani, hakirithiwi.

Ila kabla ya kamera kulikuwa na masikio. Kaa kwenye maulidi ya Barzanji siku msomaji kijana anaporuka mstari. Mzee mmoja mkekani, ambaye ulidhani amesinzia, anausema mstari ule bila kufumbua macho. Kijana anarudi nyuma, anausoma, na wanaendelea.