Urani ya nyota kongwe: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Katika kundinyota la Ketusi ipo nyota iliyopewa jina kavu la CS 31082-001. Mwaka 2001, kwa kutumia darubini kubwa za Paranal nchini Chile, wanaastronomia walitangaza kwamba wamesoma alama ya urani katika mwanga wake. Wengi wakisikia habari hiyo, pamoja na umri wa nyota yenyewe, hukimbilia jibu moja: imeishi muda mrefu, basi imepata nafasi ya kuitengeneza. Sivyo. Nyota hiyo ilizaliwa na urani yake.

Dhana: Nyota hutengeneza kila elementi iliyomo ndani yake.

Ukweli: Nyota hung'aa kwa kuunganisha viini vya haidrojeni kuwa heliamu, na zile kubwa sana huendelea hatua kwa hatua hadi chuma. Hapo njia inafungwa, kwa sababu kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Elementi nzito kuliko chuma hupatikana zaidi kwa njia nyingine: kiini hunasa nyutroni, kisha baadhi ya nyutroni hizo hugeuka kuwa protoni. Kuna mwendo wa polepole, wa maelfu ya miaka, ndani ya nyota zilizozeeka na kuvimba. Huko hutoka sehemu kubwa ya bariamu na risasi. Na kuna mwendo wa kasi, unaomalizika kwa sekunde chache mahali penye mafuriko ya nyutroni. Urani na thoriamu hutoka katika mwendo huo wa kasi tu.

Nyota ndogo kama CS 31082-001 haina mafuriko hayo. Urani yake ilitoka katika tukio la nguvu lililochafua wingu la gesi kabla nyota yenyewe haijajikusanya humo. Tabaka zake za nje bado zimehifadhi kwa sehemu kubwa mchanganyiko wa gesi ile, na hilo ndilo linalozipa nyota kongwe thamani kubwa kiasi hiki. Jua letu limerithi kutoka vizazi vingi vya nyota, hivyo ni vigumu kujua nini kilitoka kwa nani. Nyota kongwe ina wazazi wachache, pengine mmoja. Na kwa kuwa urani na thoriamu huoza, yaani hugeuka polepole kuwa elementi nyingine, kwa kasi tofauti zinazojulikana, kulinganisha kiasi kilichobaki kulitoa umri wa miaka bilioni 12.5, ikizidi au kupungua kwa bilioni 3.

Ni haki kuongeza kwamba zipo nyota zinazotengeneza elementi nzito zenyewe. Mwaka 1952 mwanaastronomia Paul Merrill alikuta elementi nzito ya teknetiamu katika majitu mekundu kadhaa, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba. Hata aina ya teknetiamu inayodumu zaidi hupungua nusu kwa miaka milioni 4 hivi, kwa hiyo haikuwezekana iwe urithi wa zamani. Ilikuwa imepikwa humo humo.

Dhana: Kadiri nyota ilivyo kongwe, ndivyo ilivyojaa elementi nzito.

Ukweli: Ni kinyume chake. Mlipuko Mkuu, mwanzo wa ulimwengu, uliacha haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo mno. Nyota za mwanzo zilizaliwa bila chuma. CS 31082-001 ina karibu sehemu 1 kwa 800 tu ya kiwango cha chuma cha Jua, na katika nyota nyingine kongwe, SMSS J0313-6708, iliyotangazwa mwaka 2014, alama ya chuma haikuonekana kabisa.

Dhana: Kila nyota kubwa ikilipuka hutoa dhahabu na urani kwa wingi.

Ukweli: Kama ingekuwa hivyo, galaksi zote ndogo za kale zingekuwa na elementi hizo. Nyingi zina kidogo sana. Mojawapo, Retikulamu II, ni tofauti: mwaka 2016 mwanaastronomia Alexander Ji na wenzake walieleza kwamba nyota 7 kati ya 9 walizozipima humo zimejaa elementi za mwendo wa kasi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, maana galaksi ndogo kiasi hicho haiwezi kuwa imepata matukio mengi. Chanzo ni adimu, lakini kikitokea hutoa kwa wingi.

Tarehe 17 Agosti 2017 chanzo cha namna hiyo kilinaswa kikitenda kazi. Nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki yaliyosongamana mno ya nyota kubwa zilizolipuka, ziligongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na baadaye alama ya strontiamu, elementi nyingine nzito kuliko chuma, ikatambuliwa katika mwanga wa mgongano huo. Wengi husema dhahabu ilionekana pale. Rangi na kufifia kwa mwanga ule vilionyesha elementi nzito kwa jumla. Alama ya dhahabu yenyewe haikusomwa.

Wala migongano hiyo si chanzo pekee. Mwaka 2025 wanasayansi walirudia data za mlipuko wa Desemba 2004 kutoka nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno, SGR 1806-20, wakakuta mionzi inayolingana na kuoza kwa elementi nzito zilizotoka kuzaliwa. Vyanzo vya aina hiyo vingeweza kuanza kazi mapema, bila kusubiri nyota mbili zizungukane mpaka zigongane.