Kindi na posamu: nani mwenyeji, nani mgeni?

Ukimnasa posamu (mnyama wa usiku mwenye mkia wa manyoya, anayelea mtoto mfukoni) darini mwako mjini Melbourne, sheria ya jimbo la Victoria inakutaka umwachie siku hiyo hiyo, ndani ya mita 50 kutoka ulipomnasia. Ukimnasa posamu wa aina ile ile Auckland, upande wa pili wa bahari, mambo yanageuka: kumuua ni halali, kumwachia ndiko kosa. Mnyama ni mmoja, na jina lake la kisayansi ni moja, *Trichosurus vulpecula*. Australia ni kwao, New Zealand alipelekwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mnyama fulani anafukuzwaje, jiulize kwanza ni mnyama gani hasa, na wewe uko nchi gani. Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko ughaibuni huchukua ushauri kutoka kwenye video yoyote iliyo karibu, na video ya New Zealand ikifuatwa Australia inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mwenyeji ni mnyama aliyetokea mahali hapo au aliyefika bila kubebwa na binadamu, akazoeana kwa maelfu ya miaka na miti, maadui na magonjwa ya hapo. Mgeni ameletwa na watu, kwa kusudi au kwa kujificha melini. Mgeni anayezaliana bila msaada, akasambaa na kuleta hasara, ndiye tunayemwita mvamizi. Wageni wengi hawafiki huko. Mahindi ni mgeni Afrika na hakuna anayeyalalamikia. Mvamizi wakazi wa Pwani wanamjua vizuri: kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, na ambaye leo anakula mayai na makinda ya ndege wengine hadi bara.

Kindi wa kijivu

Kwao ni mashariki ya Marekani na Canada. Huko huzika mbegu za mwaloni moja moja ardhini, nyingine hazifukui tena, na mialoni mipya huota. Kwao, basi, ni mpanda miti. Mwaka 1876 aliachiwa katika shamba la Henbury Park, Cheshire, Uingereza, awe pambo la bustani. Wenye mashamba wengine wakaiga kwa takriban miaka 50. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 yalihesabu kindi wa kijivu milioni 2.7 nchini Uingereza, na kindi wekundu, ambao ndio wenyeji, 287,000 tu, wengi wao wakiwa Scotland.

Watu hudhani wa kijivu huwapiga wekundu na kuwafukuza. Hapana. Kinachotokea ni polepole na kinaanzia tumboni. Kindi mwekundu ana gramu 300 hivi. Wa kijivu anaweza kuzidi 600. Wa kijivu humudu mbegu za mwaloni zenye tanini (kemikali chungu ya mimea) nyingi, ambazo tumbo la mwekundu haliziwezi vizuri, na kokwa za heizeli huzila zikingali mbichi, kabla mwenzake hajazigusa. Majike wekundu huingia majira ya baridi wakiwa na mafuta kidogo mwilini, huzaa watoto wachache, na watoto hao wengi hawafiki utu uzima. Baada ya miaka kadhaa msitu unabaki na rangi moja.

Kisha kuna ndui ya kindi. Wa kijivu wengi hubeba kirusi chake bila kuugua. Mwekundu akiambukizwa hupata vidonda na magamba kuzunguka macho, mdomo na vidole, hashiki chakula wala hakioni, na mara nyingi hufa ndani ya wiki mbili. Hapo ndipo vyombo vya kulishia ndege bustanini vinapogeuka hatari: kindi wa aina zote mbili huingiza pua mahali pale pale. Ukiona kindi mwenye vidonda vya namna hiyo, ondoa chombo siku hiyo hiyo, kioshe kwa dawa ya kuua vijidudu, kikaushe, usikirudishe kwa wiki kadhaa, na utoe taarifa kwa kikundi cha uhifadhi cha eneo lako.

Miti nayo haisalimiki. Kuanzia Mei hadi Julai wa kijivu hubambua magome ya miti yenye umri wa miaka 10 hadi 40 ili afikie utomvu mtamu ulio chini yake. Gome likitoka kuzunguka shina lote, sehemu ya juu hufa.

Kumtambua kwa rangi pekee kunadanganya. Wa kijivu huwa na wekundu mgongoni wakati wa kiangazi, na mwekundu hufifia hadi kuwa kama kijivu majira ya baridi. Tazama mkia: wa kijivu ana ukingo mweupe kuuzunguka, mwekundu ana mkia wa rangi moja. Masikioni, mwekundu huota vishungi virefu vya manyoya wakati wa baridi; wa kijivu hana kabisa.

Italia inatoa funzo la gharama ya kuchelewa. Jozi mbili za kindi wa kijivu ziliachiwa Stupinigi, karibu na Turin, mwaka 1948. Mwaka 1997 wataalamu walianza jaribio la kuwaondoa, kundi likiwa bado dogo, wakafunguliwa kesi na watetezi wa wanyama. Kesi ilipokwisha miaka mitatu baadaye, wataalamu wakiwa wameachiwa, kindi walikuwa wamesambaa kupita uwezo wa mpango ule. Kisiwa cha Anglesey, Wales, kilianza kuwaondoa wa kijivu mwaka 1998, kikaendelea bila kusita kwa zaidi ya muongo mmoja, na leo wekundu wamerudi.

Msaada mwingine umetoka kwa mnyama wa jamii ya kicheche na nyegere anayeitwa marteni. Anaporudi katika misitu ya Ireland na Scotland, kindi wa kijivu hupungua na wekundu huongezeka. Mwekundu amekua naye, anajua harufu yake na huwa mwangalifu akiinusa. Wa kijivu ni mzito, hukaa sana chini, na harufu ile haimshtui.

Lakini ugeni peke yake haumpi mnyama ushindi. Kindi huyo huyo alipelekwa Cape Town na mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes karibu na mwaka 1900, na mpaka leo hajatoka mbali. Chakula chake huko ni mialoni na misonobari iliyopandwa na walowezi. Uoto wa asili wa Cape haumlishi. Mgeni anakula kwa mgeni mwenzake, na miti hiyo ikiisha naye safari inaishia hapo.

Posamu wa Australia, na mwenzake wa Amerika asiye ndugu

Posamu wa mkia wa manyoya ana kilo mbili hadi nne, hutoka usiku, na humlea mtoto mmoja mfukoni kwa miezi minne hadi mitano. Kwao Australia idadi yake inazuiwa na mambo matatu: bundi wakubwa na wawindaji wengine, uhaba wa mashimo ya miti ya kulala, na sumu ya majani. Mikaratusi, ile ile tuliyoletewa Afrika Mashariki, ina kemikali zinazomlazimu posamu ale kidogo mti huu, ahamie mti mwingine. Hakuna mti mmoja unaokwanguliwa wote.

New Zealand haikuwa na mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo. Miti yake haikuwahi kuhitaji kujikinga na meno ya namna hiyo. Posamu waliachiwa Southland mwaka 1858 ili kuanzisha biashara ya manyoya, na wakakuta majani laini yasiyo na kinga, ya miti kama rata, kamahi na kohekohe. Posamu akipenda mti hurudi huo huo kila usiku mpaka matawi ya juu yabaki kijiti. Kwa muda mrefu waliaminika kuwa wala majani tu. Mwaka 1993 kamera ziliwanasa wakila mayai na makinda ya kokako, ndege adimu wa huko. Zaidi ya hayo hueneza kifua kikuu cha ng'ombe, jambo ambalo kwa nchi inayouza nyama na maziwa nje halina mzaha.

Serikali iliwalinda kwa sababu ya manyoya mpaka miaka ya 1940, wakati madhara yakionekana wazi. Idadi yao baadaye ilikadiriwa kufikia makumi ya mamilioni. Kisiwa cha Kapiti kilifanikiwa kuwaondoa wote kufikia 1986, na tangu 2016 nchi nzima ina mpango wa kuwamaliza posamu, panya na wanyama jamii ya kicheche kufikia mwaka 2050.

Wa Amerika, oposamu wa Virginia, ni ukoo mwingine kabisa. Ana uso mweupe uliochongoka, mkia mtupu kama wa panya, na meno 50. Mimba yake huchukua siku 13 hivi. Watoto huzaliwa wadogo kuliko harage na kutambaa wenyewe hadi mfukoni, ambako kwa kawaida kuna chuchu 13. Wasiopata chuchu hufa. Mashariki ya Marekani ni mwenyeji. California aliletwa, San Jose, mwaka 1910. Akibanwa hujilaza kama mfu, ulimi nje, akitoa harufu mbaya. Usimzike, mwache, atainuka.

Los Angeles nako kuna kindi wawili wa kutofautisha. Mwenyeji, kindi wa kijivu wa magharibi, ana tumbo jeupe safi na mkia mkubwa wa kijivu. Mwenye tumbo la rangi ya chungwa ni mgeni, aliyeletwa karibu na 1904 na wanajeshi wastaafu kwenye makazi yao ya Sawtelle. Bustani za mjini zimempendelea mgeni. Mwenyeji amebaki zaidi vilimani.

Afrika Mashariki

Posamu wa asili hatuna hata mmoja, wala Afrika nzima haina. Anayelia usiku juu ya minazi, mwenye macho makubwa na mkia wa manyoya, ni komba, jamii ya nyani, yule yule anayesingiziwa ulevi kwa kunywa tembo kwenye vibuyu vya wagema. Kindi tunao wengi wa asili, kuanzia wenye tumbo jekundu wa misitu ya Pwani hadi kindi mkubwa wa Kakamega. Kindi wa ardhini mwenye mstari mweupe ubavuni hufukua mahindi yaliyopandwa, na wakulima humwona adui. Hasara hiyo ni ya muda mfupi: linda shamba mchana kuanzia siku ya kupanda hadi miche ikomae kidogo, wiki mbili hivi. Kutega sumu huua kanga, mbwa na mwewe kabla ya kumpunguza kindi.

Kindi au posamu akiingia darini

Usianze kwa kuziba tundu. Ukiziba mama akiwa nje, watoto watakufa ndani na harufu itakukaa wiki nzima. Ukiziba akiwa ndani, atabomoa dari au kutafuna nyaya za umeme. Sikiliza kwanza: vishindo vya mchana ni vya kindi, vya usiku ni vya posamu. Nyunyiza unga mwembamba mbele ya tundu uone nyayo zinaelekea wapi. Kwa posamu wa Australia, tundika kisanduku cha kulala juu ya mti wa uwanjani, mita nne au zaidi kutoka chini, kabla hujamfungia nyumba. Asiye na pa kulala atarudi. Ziba baada ya giza kuingia na yeye kutoka. Kindi huzibiwa mchana akiwa nje, ukishahakikisha hakuna watoto.

Kumpeleka mbali kwa gari huonekana huruma, lakini posamu aliyehamishwa huingia eneo la wenzake na wengi hufa siku chache tu. California hairuhusu kuhamisha mnyama wa porini bila kibali cha maandishi, na Uingereza kindi wa kijivu akishanaswa hairuhusiwi kumwachia tena. Asiye tayari kumuua au kumwita fundi mwenye ujuzi asitege mtego.

Tundu lenyewe lizibe kwa bati au wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hivi, ulioshikwa kwa skrubu kwenye mbao nzima. Waya wa banda la kuku kindi huutafuna, na povu la kuzibia nyufa hulipita kwa muda mfupi.