Lava wa Tegu Huumiza Kuliko Tegu Mzima

Kila ninapopasua ini la panya wa porini na kukuta kifuko cheupe, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyetazamiwa kumla panya huyo. Ndani ya kifuko hicho mna lava, yaani mtoto, wa tegu, mnyoo bapa wa utumboni; lava huyo hatakomaa mpaka panya aliwe na paka.

Tegu wa jenasi ya Taenia na ya Echinococcus huhitaji wenyeji wawili, yaani wanyama wawili wa kuishi ndani yao. Katika utumbo wa mla nyama, tegu mzima hufyonza chakula kilichokwisha kusagwa, na kwa kawaida madhara yake ni madogo. Mayai hutoka pamoja na kinyesi. Yakimezwa na mnyama mwingine, kiinitete chenye kulabu 6 hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kutua kwenye ini, mapafu, misuli au hata ubongo. Lava na tegu mzima walidhaniwa kuwa viumbe tofauti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850, daktari Mjerumani Friedrich Küchenmeister alipowalisha mbwa vifuko vya sungura, akapata tegu.

Ninachokistaajabia zaidi ni jinsi kasi ya ukuaji wa lava inavyofuata umri wa mwenyeji wake. Echinococcus multilocularis, ambaye hukomaa ndani ya mbweha, hutegemea panya wadogo wanaoishi miezi michache tu. Kwa hiyo lava wake huenea ndani ya ini mithili ya saratani, na baada ya miezi miwili hivi huwa tayari kuambukiza. Echinococcus granulosus, anayekaa ndani ya wala majani wakubwa, hukuza mfuko wake wa maji polepole, pengine kwa zaidi ya mwaka.

Maabara hutuonyesha mizoga tu, na ndiyo sababu nawathamini mno watafiti wa nyani gelada wa Guassa, Ethiopia. Uvimbe wa Taenia serialis huonekana chini ya ngozi ya nyani hao wakiwa hai, na imebainika kwamba walioambukizwa hufa kwa wingi zaidi, na watoto wa majike wenye uvimbe huishi kwa shida. Kwa wanyama wengine hatupati nafasi hiyo: mawindo yaliyodhoofika huliwa mapema, kwa hiyo nikikuta maini mengi safi, sithubutu kuandika kwamba maambukizi ni haba kabla ya kuchunguza kinyesi cha wawindaji wao.