TOAST: kiharusi cha mshipa kuziba kimetoka wapi?

"CT (picha ya ubongo) haijaonyesha damu kuvuja, ni kiharusi cha mshipa kuziba." Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa hivyo hospitali ya Mulago, Kampala, wengi huona jibu limepatikana. Bado swali moja: mshipa umezibwa na nini?

Madaktari hulijibu kwa kutumia TOAST, mpango wa kupanga viharusi kwa chanzo uliochapishwa mwaka 1993. Ulitokana na jaribio la dawa ya kuzuia damu kuganda, lililofanyika Marekani. Dawa yenyewe haikufua dafu, mpango ukabaki.

Makundi ni matano. Kuna mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingoni, uliobanwa na mafuta yaliyoganda ukutani kwa zaidi ya nusu. Kuna vimishipa vya ndani ya ubongo vilivyochakazwa na presha au kisukari. Jeraha lake ubongoni halifiki sentimita 1.5. Kuna sababu nyingine zilizothibitishwa, kama selimundu.

Kundi la moyo ndilo la kuangaliwa sana Uganda. Chukua mama wa miaka 35 ambaye valvu yake iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi. Chumba cha juu cha moyo kimetanuka, mapigo yanakwenda ovyo, damu inatuama na kuganda, kipande kinachomoka hadi ubongoni. Kitanda cha pili yupo mzee mwenye presha, vimishipa vyake vimeziba. Wote wawili mkono wa kulia umepooza. Mzee atapewa aspirini, statini (dawa ya kushusha kolesteroli) na dawa za presha. Mama anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kipimo cha INR (kasi ya damu kuganda) kila mara, na kama anatoka Arua, mbali na Kampala, hiyo nauli nayo ni sehemu ya matibabu.

Kundi la tano ni la "chanzo hakikujulikana", na hapa TOAST inaniudhi. Limewaweka pamoja aliyekutwa na vyanzo viwili, aliyepimwa kila kitu kisionekane kitu, na ambaye hakupimwa kabisa. Aliyeshindwa kulipia ekoo (ultrasaundi ya moyo) anahesabiwa sawa na aliyechunguzwa wiki nzima. Ukiona maneno hayo kwenye fomu ya mgonjwa wako, muulize daktari kama ECG (kipimo cha umeme wa moyo), ekoo na ultrasaundi ya mishipa ya shingo zilifanyika.