Kwa nini maji ya bahari huzidisha kiu badala ya kuikata?

Mji wa Lamu umezungukwa na maji, lakini maji ya kunywa hutafutwa mchangani. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Shela huzama chini na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi zaidi. Visima huchota tabaka hilo la juu, na vikichotwa kupita kiasi chumvi hupanda. Chombo nacho hakitweki tanga kwenda Kizingitini au Kiunga bila mitungi ya maji baridi. Nahodha hahitaji cheti cha chuo kujua sababu: anayekunywa maji ya bahari kiu humzidi, akili humruka, na asipopata maji mengine hufa huku maji yamemzunguka.

Hilo kila mtu wa pwani analijua. Kwa nini liko hivyo, hapo ndipo wengi hukwama, wakiwemo vijana wanaoanza somo la fiziolojia katika vyuo vya afya, kama vile kampasi za KMTC (Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya) zilizopo Lamu na Malindi. Ukiwauliza watajibu haraka, "Ni chumvi, mwalimu." Kweli, ni chumvi. Lakini ukingoja kidogo atatokea mmoja wa kuuliza: "Si kazi ya figo ni kutoa kilichozidi? Basi mbona zisiikojoe hiyo chumvi, mambo yakaisha?" Swali hili nalipenda kuliko jibu lolote la kukariri, kwa sababu ukilifuata mpaka mwisho utakuwa umeielewa figo. Na ukweli ni kwamba figo huikojoa hiyo chumvi. Tatizo ni kwamba chumvi haitoki kavu. Lazima itoke na maji.

Tuanze na kiasi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Damu yetu pia ina chumvi, ila kidogo: dripu ya chumvi inayotundikwa wodini, iliyotengenezwa ilingane na damu, ina gramu 9 kwa lita. Bahari basi ni kali karibu mara nne ya mwili. Na maji yana tabia yao: yakiwekwa pande mbili za utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, huhamia upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi.

Mimi sipendi kuichora ubaoni kabla wanafunzi hawajaiona kwa macho. Chukua kiazi, ukate vipande vyembamba vya urefu mmoja, uvigawe katika vikombe viwili. Kimoja kina maji ya mvua yaliyotegwa kwenye birika, kingine kina maji yaliyochotwa gatini. Rudi baada ya saa moja au mbili. Kipande kilichokaa kwenye maji ya mvua hutoka kigumu. Ukikikunja kinakatika kwa mlio. Kile cha maji ya bahari kimelegea, unaweza kukizungusha kidoleni kisivunjike. Kipime kwa rula, kimefupika. Hakuna aliyekikamua. Maji yametoka yenyewe ndani ya seli za kiazi kuifuata chumvi iliyo nje. Chembe nyekundu za damu zikitiwa kwenye maji hayohayo hunywea pia, na ukizitazama kwa hadubini utaona kingo zake zimejikunjakunja.

Kwa mtu aliyekunywa maji ya bahari, hasara huanzia tumboni, figo hazijapata habari bado. Maji hutoka damuni kuingia ndani ya utumbo ili kuupunguza ule ukali. Tena bahari haina chumvi ya mezani peke yake. Ina magnesiamu na salfeti pia, na utumbo hufyonza kidogo tu kati ya hizo. Zinabaki humo na kuzuia maji yasirudi. Hizo mbili zikiungana ndizo chumvi ya Epsom, dawa ya kuharisha inayouzwa madukani. Kwa hiyo mtu huharisha, na kila akiharisha anapoteza maji aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Sodiamu nyingi, kwa upande wake, hufyonzwa na kuingia damuni, na hapo kazi inazifikia figo.

Hapa nitakaa kidogo, maana jibu lote limo humu. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, zipatazo milioni moja. Kwa pamoja figo mbili huchuja lita 180 kwa siku, na zinazotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Maana yake kazi kubwa ya figo ni kurudisha, siyo kutupa. Kinachoziwezesha kurudisha maji na kuacha taka ni kijirija kinachoshuka ndani ya figo, kikageuka, kikapanda tena. Kinaitwa kitanzi cha Henle, kwa jina la Mjerumani Friedrich Gustav Jakob Henle aliyekieleza mwaka 1862. Upande wake unaopanda husukuma chumvi nje lakini hauruhusu maji kuifuata. Chumvi hiyo, pamoja na taka iitwayo yurea, hujazana katika nyama ya ndani kabisa ya figo mpaka ukali wake unafika miliosmoli 1,200 kwa lita (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka), ilhali damu ni kama 290 tu.

Kisha mkojo unaoelekea kibofuni hupitishwa katikati ya nyama hiyo kali, ndani ya mrija wa mwisho. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, kuta za mrija huo hazipitishi maji, na mkojo hutoka mwingi na mweupe. Damu ikikolea hata kwa asilimia 1 au 2, seli maalumu za haipothalamasi, chini ya ubongo, huhisi na kufanya mambo mawili kwa pamoja: hukuletea kiu, na huamuru homoni ya vasopresini imwagwe damuni. Homoni hiyo ikifika figoni hufungua vijilango vya maji kwenye ule mrija. Vinaitwa akwaporini, na Mmarekani Peter Agre alipata tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Maji hutoka ndani ya mkojo, yakavutwa na ile nyama kali, yakarudi mwilini. Mkojo unakolea.

Lakini hauwezi kukolea kuliko nyama inayouvuta. Nyama ikiwa 1,200, mkojo huishia 1,200. Huo ndio mwisho wa uwezo wa binadamu, na hakuna zoezi wala mazoea yanayouongeza. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa bara wako sawa.

Mwanafunzi makini hapa hunyoosha mkono. Maji ya bahari yenyewe yana miliosmoli kati ya 1,000 na 1,200 kwa lita. Basi si yanalingana na mkojo? Nitakunywa lita, nitakojoa lita, hasara iko wapi?

Hasara iko kwenye yurea. Hii ni taka inayotokana na protini, iwe ya samaki, ya kunde au ya misuli yako mwenyewe usipokula, na lazima itoke kwa mkojo huohuo. Mkojo uliokolea kabisa, karibu nusu ya nafasi yake imechukuliwa na yurea na taka nyingine. Chumvi inabakiwa na miliosmoli 600 hivi, yaani gramu 17 au 18 kwa lita. Sasa piga hesabu. Umekunywa lita moja yenye gramu 35. Ili kuzitoa zote unahitaji karibu lita mbili za mkojo. Moja ni ile uliyokunywa. Ya pili imetoka kwenye damu yako na ndani ya seli zako. Na hapo sijahesabu jasho la jua la kaskazi, wala mvuke unaotoka kwa pumzi, wala kule kuharisha.

Damu inazidi kukolea, haipothalamasi inazidi kudai maji, mtu anakunywa tena yale yaliyo karibu. Sodiamu ya damu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa milimoli 135 hadi 145 kwa lita, hupanda. Seli za ubongo hunywea kwa sababu ileile iliyokilegeza kile kiazi. Mtu huanza kuchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, hupatwa na degedege, hupoteza fahamu. Waingereza walichunguza safari 163 za mashua za kuokolea kutoka kwa meli zilizozama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye mashua ambako watu walikunywa maji ya bahari, walikufa asilimia 39 hivi. Kwenye zile ambako hawakuyagusa, asilimia 3.

Wapo watakaokutajia Alain Bombard, daktari Mfaransa aliyevuka Atlantiki mwaka 1952 kwa mtumbwi wa mpira, akafika Barbados baada ya siku 65, akisema alikuwa akinywa maji ya bahari kidogo kidogo. Alifika hai, ndiyo. Lakini alikamua maji ya samaki pia na kukinga mvua, na hesabu ya figo yake haikuwa tofauti na ya mtu mwingine. Nasikitika kila nikisikia kisa hiki kikisimuliwa kama ruhusa.

Viumbe wengine wamejaliwa njia zao. Kasa jike anayepanda ufukweni kutaga huonekana akilia. Yale machozi hutoka kwenye tezi zilizo karibu na macho, na ni makali kuliko bahari yenyewe. Hivyo ndivyo anavyotoa chumvi bila kuichosha figo. Ndege wa baharini wana tezi za namna hiyo, nazo huchuruzika puani. Mti wa mchu, katika mikoko yetu, hutoa chumvi kwa majani. Yapitishe ulimini uone. Anayenishangaza zaidi ni paka, maana yeye hana tezi yoyote ya ziada. Figo zake tu ndizo zinazoweza kukoleza mkojo kupita miliosmoli 3,000, na wachunguzi wa Marekani walionyesha mwaka 1959 kwamba anaweza kunywa maji ya bahari akanufaika nayo. Paka wa vichochoro vya Lamu anakupita hapo, wewe na shahada yako.

Kuna jambo huwatatiza wanafunzi wakifika wodini. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani anapewa ORS, ambayo ni maji yenye chumvi, na anapona. Inakuwaje chumvi iue baharini na iponye hospitalini? Tofauti ni kipimo, na sukari. ORS ya Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Bahari ina kama 470. Na glukosi iliyomo si ya kuongeza utamu. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, mlango mmoja. Zikiingia, maji huzifuata. Osmosisi ileile, sasa inafanya kazi upande wako. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawasawa bila kilima, hutosha kwa dharura. Usikadirie kwa mkono, tafadhali: chumvi ikizidi, umemrudisha mtoto baharini. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS kwa anayeharisha sana.

Vijana waliotoka Faza na Pate, ambao baba zao ni wavuvi, huuliza jingine tena. Injini imezimika, maji baridi yamebaki nusu lita. Je, ukiyachanganya na nusu lita ya bahari, si utakuwa umepata lita nzima ya kunywa? Rudi kwenye hesabu. Ile nusu lita ya bahari imekuja na gramu 17 na nusu, na gramu hizo zinadai lita nzima ya mkojo, uzichanganye usizichanganye. Lita uliyokunywa yote imekwenda na chumvi, nusu yako ya maji baridi ikiwemo. Ungeinywa hiyo nusu lita peke yake, mwili uliopumzika kivulini ungekuwa umepata kiasi ambacho figo zinahitaji kutolea taka za siku nzima.