Kijana aliyerudi kutoka ng'ambo haringi

Mtwara, kijana akirudi baada ya mwaka wa kubadilishana wanafunzi, tuseme Marekani, akawa mkimya na hatoki ndani, hukumu haichelewi: ameiga uzungu, anaringa. Dhana hii ni ya siku nyingi, na inawaumiza watoto wetu bure.

Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba aliyekaa ugenini huvunjika moyo mara mbili: akiwa kule anajaribu kuzoea, kisha tena akirudi kwao. Na waliochunguzwa walikuwa Wamarekani waliorudi Marekani. Hapo suala la uzungu linatoka wapi?

Mara ya pili humkuta mtu hajajiandaa, maana nani hujiandaa kurudi nyumbani? Shule za Marekani hufunga karibu na Juni. Huku ndio msimu wa kupulizia mikorosho salfa, kwa hiyo anaamshwa alfajiri kwenda shamba, vumbi la njano limeganda kwenye kope. Wenzake wameshamtangulia kidato. Kitanda chake kachukua mdogo wake. Akianza kusimulia, anakatizwa: "Umetuletea nini?" Kunyamaza kwake ni uchovu, na upweke pia.

Kwa kawaida hali hii hupungua yenyewe. Mama, shangazi, mjomba, mwacheni asimulie hata mambo yanayojirudia, na msimtanie mbele za wageni. Usingizi ukimpotea kwa wiki nyingi, au akikataa kula, mpelekeni hospitali.