Skrini ya Pili Haijafa, Tafadhali Usichomoe Kebo

Tangu tuweke skrini mbili kwa kila meza hapa maabara, kitabu cha malalamiko kimejaa, na nimekaa nikakisoma chote, karibu kila mtu analia kitu kimoja: skrini ya pili imekufa, ama inarudia ya kwanza, ama maus inagonga ukuta. Haijafa. Nimeombwa niandike kidogo kabla ya mitihani, na nitaanza na hilo la maus kwa sababu limenichosha.

Juzi dada mmoja wa uhasibu aliniita, anasukuma maus kulia, anasukuma tu, mkono umeshafika kwa jirani na mshale umekwama pembeni. Skrini ya pili iko hapo kulia kwake, inawaka vizuri kabisa. Nikamwambia hebu sukuma kushoto. Mshale ukaibukia ukingo wa mwisho kabisa wa ile skrini ya kulia, akacheka mpaka akanyamazishwa. Kompyuta haioni meza yako jamani, inafuata ile picha ya visanduku 1 na 2 iliyo kwenye mipangilio ya Display. Bonyeza Identify, namba zitatokea kwenye skrini zenyewe, kisha buruta visanduku vikae vile skrini zimekaa mezani, halafu Apply, maana wengi wanasahau hapo. Na kisanduku kimoja kikikaa juu kidogo ya kingine, maus itapita sehemu fulani na kukataa sehemu nyingine. Hiyo nayo si virusi.

Kama picha inajirudia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend, imeisha. Wale mlionunua kigawanyi cha HDMI pale Luthuli Avenue, Nairobi, mkidhani kitawapa nafasi zaidi, kazi yake ni kurudia picha moja kwa skrini mbili, msiende kugombana na muuzaji. Na si kila tundu la USB-C la laptop hutoa picha, mengine ni ya chaji na data tu.

Kupanga masomo yenyewe kila mtu na yake, lakini mimi nasema skrini iliyo mbele ya pua iwe ya kile unachoandika, ya pembeni iwe ya kusomea. PDF yako ya Zotero, ile programu ya kutunza makala na marejeo, weka pembeni, na lile dirisha la kuongeza kadi la Anki, programu ya kadi za kujikumbusha masomo, liweke nusu ya skrini hiyo hiyo, maana linafunguka kama dirisha lake lenyewe, kwa hivyo unasoma na kuandika kadi bila kurukaruka. Kuhamisha dirisha kwenda skrini nyingine ni Windows, Shift na mshale. Kugawa nusu ni Windows na mshale. Ukijikuta umegeuza shingo saa nzima, basi umezipanga kinyume.

Kuna pia wanaofanya kazi nyumbani na skrini mbili, wakija darasani na laptop pekee programu iko kwenye mstari wa chini lakini dirisha halionekani, na mtu anaifuta aiweke upya! Bofya ikoni yake, bonyeza Alt na Spesi, kisha M, kisha mshale wowote mara moja, halafu sogeza maus, dirisha litaifuata kama ndama na mamake.

Sasa utaratibu, na hapa someni polepole. Kuchomoa au kubadilishana kebo ni marufuku. Kebo ya VGA, ile inayopeleka picha kwenye skrini, ina pini 15 na moja ikipinda rangi zinaharibika, mwezi huu nimenyoosha tatu kwa kibano. Ukiona hitilafu jaza fomu, andika namba ya meza, namba ya skrini na saa, weka sahihi, subiri fundi. Kosa la kwanza ni onyo kitabuni, la pili kadi yako ya maabara inafungwa siku 14, la tatu barua inaenda kwa mkuu wa wanafunzi. Kuingia akaunti ya mwenzako kwa nywila yake bila ruhusa si mzaha wa maabara tena, Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 ina faini isiyozidi shilingi milioni 5, ama kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Hayo hayako mikononi mwangu.

Wanaofanya mitihani ya mtandaoni nyumbani kupitia OnVUE, mfumo wa kusimamia mitihani kwa mbali wa kampuni ya Pearson VUE, pale panaruhusiwa skrini moja tu. Ya pili ichomoe kabisa kabla hujaanza, kuizima tu usitegemee. Hiyo ya nyumbani kwako, narudia, si ya kwangu.

Fomu ziko mapokezi, saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, Jumamosi mwisho saa sita mchana.